Mbuzi Karani kwenye Kamba ya Dobi

Dada yangu mkubwa ni dobi, na kama hujawahi kubishana na dobi, shukuru Mungu. Mtu aliyezoea kukamua mablanketi kwa mikono hapati taabu kumkamua mdogo wake. Mtaani wanamwita Mama Povu. Mimi namwita dada, kwa heshima ya umri tu, maana heshima nyingine zote alishazimaliza zamani.

Nyumba yake ina ua mpana wa saruji, na humo ndani huwezi kwenda popote bila kuinamisha kichwa. Kamba zimepita kila upande. Mashuka ya nyumba ya wageni yana kamba zake, sare za wauguzi zina zao, na nguo za watu wa mtaani ziko nyuma karibu na karo la kufulia, kila moja imeshonewa uzi wa rangi kwenye pindo ili ijulikane ni ya nani. Karibu na geti kuna kamba moja fupi ambayo haikuwa na kazi. Hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni mchora vibao. Ukiona kinyozi ana kichwa cha kijana mtanashati mlangoni pake, au duka la dawa lina chupa kubwa kuliko duka lenyewe, huo ni mkono wangu. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa dada, na kosa liko hapo hapo. Ukiegemea ukuta wa mtu, anakusikia ukipiga mluzi, na akikusikia unapiga mluzi anajua huna kazi.

Siku hiyo aliingia kibandani na shuka jeupe mkononi. Katikati ya shuka kulikuwa na unyayo wa mtoto, kamili, na vidole vyake vyote.

"Unaona?"

"Naona unyayo."

"Watoto wanakuja kuchukua nguo za kwao, wanazurura humu kama kuku. Nichoree kitu nikitundike pale getini, wasimame hapo mpaka niwafungie mafurushi yao."

"Kitu gani, dada?"

"Kitu cha kutazama. Kiwe na maneno, kiwachukue muda."

Basi siku hizi nikisikia watu wakisema Mama Povu alianzisha mradi wa kusoma kwa sababu ya mapenzi yake kwa elimu, mimi hutazama pembeni. Aliuanzisha kwa sababu ya shuka.

Nikamchora Mbuzi Karani. Huyu ni mbuzi aliyeajiriwa ofisini, ana tai na kalamu sikioni, mchapakazi kweli kweli, ila ana tatizo moja: akiona karatasi anaila. Katika ukurasa wa kwanza meneja anaomba faili la mkutano, na Mbuzi Karani yuko nyuma ya kabati, mashavu yamejaa. Nikaishia hapo makusudi. Dada akazibana karatasi zangu kwenye ile kamba fupi kwa vibanio vya nguo, moja baada ya nyingine, hivi kwamba mtoto anasoma huku anatembea, kutoka kwenye nguzo ya geti hadi kwenye pipa la maji.

Watoto wakaganda pale. Waliokuja kuchukua nguo wakasahau nguo. Wiki iliyofuata wakaja hata wasio na nguo, wananigongea kibandani kuuliza meneja amefanyaje. Nilifurahi, sikatai. Lakini ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, maana wiki ile ile dada naye aligonga.

"Mbona huyu mbuzi wako hana suruali?"

"Dada, ni mbuzi."

"Ana tai?"

"Anayo."

"Ana shati?"

"Analo."

"Sasa mtu mzima avae tai na shati aende ofisini bila suruali, watoto wa watu wajifunze nini?"

Nikamvisha mbuzi suruali. Akarudi kusema haina mkunjo wa pasi. Nikatia mkunjo. Akarudi tena kusema kwenye ukurasa wa tatu kuna tone la wino kwenye shati, na yeye hawezi kutundika shati chafu kwenye kamba yake, wateja watamfikiriaje. Nikamweleza kwamba tone lile ndilo ushahidi, kwamba hadithi nzima inasimama juu ya tone lile. Akanitazama vile anavyowatazama wanaodai nguo zao zimerudi na tundu. Nikalifuta.

Halafu kuna ile siku alizipiga pasi. Nilikuta kurasa zangu nzuri nilizozipaka rangi za nta zimeganda kwenye meza yake ya kunyooshea, Mbuzi Karani ameyeyuka amekuwa dimbwi la kahawia, na dada analalamika kwamba nimemharibia kitambaa cha meza. Eti zilikuwa na makunyanzi! Sikuongea naye siku nzima. Hakugundua.

Baadaye akatunga sheria: hapewi mtu furushi lake kabla ya kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Si watoto peke yao, kila mtu. Nimemwona askari aliyechelewa zamu amesimama pale kwa sauti ya kijeshi anasema, "Bosi, naomba ruhusa, tumbo linauma." Nimemwona mhasibu wa nyumba ya wageni akilia njaa kama mbuzi, kwa sababu dada alimwambia hakuweka hisia. Wengine walihama wakatafuta dobi mwingine, kisha wakarudi, kwa kuwa yule mwingine alikuwa anachanganya soksi, na pia kwa kuwa walitaka kujua meneja amefanyaje.

Seremala wa jirani akatoa mabenchi. Jumamosi asubuhi ua ukawa unajaa watoto wa mitaa mitatu minne, mashuka yakahamishiwa nyuma. Wazazi waliokuwa wanalia kwamba watoto wao wakiona kitabu wanapiga miayo, sasa wakawa wanalia kwamba watoto wao hawatoki kwa dobi. Binadamu hana jema.

Katika watoto wote wale, aliyekuwa mbele ni mjukuu wa dada. Mama yake anafanya kazi mji mwingine, kamwacha kwa bibi. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na tulimwita Redio, kwa sababu tangu anapofumbua macho asubuhi hazimiki. Redio ndiye aliyekuwa akiwasomea wadogo. Alisimama mbele ya kamba na ufagio wa mkono kama fimbo ya mwalimu, akionyesha picha moja baada ya nyingine, na wadogo wamekaa chini midomo wazi. Dada alikuwa anamsifia kwa kila mteja. "Huyu wangu anasoma kuliko watangazaji," anasema, huku akitia wanga kwenye kola ya mtu.

Jumamosi moja nilikuwa kibandani nachora kibao cha fundi viatu, nikamsikia akisoma. Pale meneja anapouliza, "Faili liko wapi?" mimi nilikuwa nimeandika jibu la Mbuzi Karani, "Linatafutwa, bosi." Jibu zuri, la kikarani hasa. Nilikuwa nimelifikiria asubuhi nzima. Redio akasema:

"Mbuzi akamwambia, bosi, faili lako lilikuwa halina chumvi!"

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Hata waliokuwa wanajua kusoma, waliokuwa wanayaona maneno yangu kwa macho yao, walicheka na kumwomba arudie.

Nilichukia, jamani. Nikatoka na brashi mkononi. "Redio! Soma kilichoandikwa."

"Ndicho kilichoandikwa, babu," akanijibu bila kupepesa.

Nikaenda kwa dada kushtaki. Dada alikuwa anakamua blanketi, hakuinua hata kichwa. "Unamwonea wivu mtoto," akasema. "Yake yalikuwa na utamu."

Nikasema haya, mtaniona. Katika ukurasa uliofuata nilimchora Mbuzi Karani amelala juu ya meza ya ofisi, na katika kile kiputo cheupe kinachobeba maneno yake nikaandika: "Anayesoma hapa aje kibandani achukue penseli ya rangi. Asimwambie mtu." Nilitaka kumkamata mwizi wa maneno yangu, basi. Nilijua Redio anapenda penseli za rangi kuliko chakula. Angekuja mbio, nami ningemwambia, umeona sasa faida ya kufuata maandishi?

Wakaja watoto kadhaa, mmoja mmoja, kwa kunyata. Huku nje Redio alikuwa anatangaza kwa sauti ya juu kwamba Mbuzi Karani anaota yuko harusini, na keki imetengenezwa kwa magazeti. Watu wanacheka. Nikangoja. Hakuja. Mwisho akawaona wenzake na penseli mikononi, moja nyekundu, moja ya zambarau, akanikimbilia kibandani na uso umemshuka.

"Babu, wenzangu wamezitoa wapi?"

Hasira yote ikaniishia pale pale. Nikakaa juu ya kopo la rangi.

"Redio," nikamwambia, "wewe hujui kusoma."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinyamaza. Akachezea ukingo wa meza yangu. Kisha akasema herufi anazijua, moja moja anazijua zote. Zikikaa pamoja ndio zinamkimbia. Shuleni wanasoma kwa kuitikia, darasa zima, na yeye akisikia kitu mara moja kimeshamkaa kichwani. Mwalimu ana watoto wengi mpaka madirishani, hajawahi kumsikia peke yake.

"Usimwambie bibi," akasema. "Bibi ameshawaambia wateja wote."

Na hapo ndipo pabaya. Kulikuwa na mradi wa vitabu uliokuwa unazunguka mitaani, na mama wa mradi alikuwa anakuja kututembelea. Kila mahali penye kikundi cha kusoma palitakiwa kutoa mtoto mmoja, asome mbele ya wazazi na walimu kwenye ukumbi mkubwa wa mjini. Dada alishapeleka jina la Redio. Nikaona yule mtoto amesimama jukwaani, ukumbi mzima umemkazia macho, kitabu mkononi, na herufi zinamkimbia. Mtoto akichekwa namna hiyo mara moja, hashiki kitabu tena maisha yake yote.

Nikamweleza dada. Nilimweleza kwa ukali, nakiri, maana tulikuwa bado tuna ugomvi wa pasi. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na kama nimekosa wateja nikachore mawingu.

Mama wa mradi akaja. Mwanamke mzuri, mchangamfu, miwani ameiweka juu ya nywele. Redio akasimama mbele ya kamba akasoma. Nilichoandika mimi ni kwamba Mbuzi Karani anaomba msamaha na anaahidi kubadilika. Alichosoma Redio ni kwamba Mbuzi Karani anamshauri meneja wahamie kwenye ofisi ya majani mabichi, itapunguza usumbufu. Mama wa mradi alicheka mpaka machozi. Akapiga makofi, watu wote wakapiga makofi. Miwani ilikaa kwenye nywele mwanzo hadi mwisho! Wazazi, seremala, mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, wote walikuwa wanamtazama mtoto. Hakuna aliyeitazama karatasi. Nilitamani kupiga ukelele.

"Huyu tumempata," akasema mama wa mradi, na akamwachia Redio kitabu cha kufanyia mazoezi. Kitabu kizuri, kipya, na ndani yake hakuna picha hata moja.

Alipoondoka, dada akaniita nimsaidie kukunja mashuka, kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja. Mimi nikashika ncha zangu, yeye zake. Alikuwa na furaha isiyo kifani. "Mama, tusomee kidogo," akamwambia Redio, "tukunje tukisikiliza."

Redio akakaa kwenye benchi, akafungua kitabu, akaanza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Redio ilikuwa na mandhari. Kulikuwa na mfalme, kulikuwa na shangazi wa mfalme, kulikuwa na mto uliokataa kuvukwa. Dada anatabasamu, tunakunja, tunasogeleana, tunaachana, tunachukua shuka jingine. Hadithi ilikuwa tamu hata mimi nilijisahau.

Dada akasema, "Mbona hufunui?"

Redio akaubana ukurasa kwa kidole.

"Umesema maneno ya kujaza beseni, na ukurasa ni ule ule."

Mtoto akafunua haraka haraka, kurasa kadhaa kwa pamoja. Dada akaachia shuka. Upande wake ukaanguka chini, kwenye saruji yenye maji ya sabuni, na hakulitazama. Akaenda kukaa karibu na mjukuu wake, akaweka kidole chake kilichochanika kwa sabuni chini ya neno la kwanza.

"Soma hili."

Kimya.

"Hili?"

Kimya.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, bibi," akasema Redio, na ndipo kilio kilipomtoka.

Dada akamfunika na kanga yake. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa bado nimeshika ncha mbili za shuka kama mjinga. "Wewe ulijua?"

"Si nilikuambia!"

"Uliniambia kwa kugomba. Ungeniambia kwa kuniambia."

Nikaliokota lile shuka nikalirudisha kwenye beseni, na maneno yake yananiudhi hadi leo.

Kesho yake alivaa gauni lake la kutokea, akaniamuru nimsindikize ofisini kwa mradi. Akasimama mbele ya meza ya yule mama akasema, "Mtoto wangu nilimsifia kabla ya wakati. Wekeni wa mtaa mwingine."

"Lakini mama, anasoma vizuri sana!"

"Anasema vizuri. Kusoma bado."

Nimemfahamu dada yangu maisha yangu yote, na sijawahi kumwona akirudisha kitu alichokwisha kujivunia. Wakati wa kurudi wateja walimsalimia, wakamuuliza, vipi ukumbini, mjukuu anaenda lini? Akamjibu kila mmoja, kwa sauti ile ile, "Haendi. Bado anajifunza." Niliona uchungu nikashindwa hata kumtania.

Nilidhani tutapumzika. Kumbe. Alipovua gauni tu akaja kibandani. "Mchoree kurasa zisizo na maneno. Viputo viwe vitupu. Aseme yeye, wewe uandike. Maneno yake mwenyewe hayatamkimbia."

Ndivyo nilivyogeuka kuwa karani wa Mbuzi Karani. Redio anasema upesi kuliko brashi. Namwambia apunguze maneno, ananiambia nikuze kiputo. Namwambia mbuzi hawezi kumwita meneja "shemeji", ananiuliza nimejuaje. Nikishaandika, dada anatundika, na mtoto anasimama mbele ya maneno yake na kidole. Siku za mwanzo alikuwa anaghani tu alichokumbuka, kidole kiko huku na mdomo uko kule. Dada akaligundua hilo, akaanza kuficha kurasa mpaka mtoto azisahau ndipo azitundike. Hapo ilikuwa vita. Kuna siku alisoma maneno mawili, akavitupa vibanio vyote chini, akaenda kufua soksi kwa hasira. Kuna siku alisema maneno yamehama mahali pake. Wadogo wakachoka kungoja, wakawa wanamwambia, "Redio, sema tu!" Naye anawaambia, "Ngojeni nisome," na wanangoja, na mimi kibandani nauma mpini wa brashi. Watoto wa mitaa mingine walienda ukumbini, wakarudi na vyeti, mwaka ukapinduka, na sisi tulikuwa bado tumesimama kwenye kamba fupi.

Jumamosi moja alinipa jibu la Mbuzi Karani. Meneja ameuliza nyaraka zimehifadhiwa wapi, na Redio akasema niandike, "Bosi, tumbo langu ndilo kabati." Nikatikisa kichwa. Mimi ni mtu wa vibao, najua sentensi inayokaa vizuri. Sikuvumilia. Nikaandika, "Bosi, kila kitu kimehifadhiwa mahali salama." Nilijua atasema yake tu.

Ua ulikuwa umejaa. Dada yuko nyuma ya mashuka, nasikia maji yakidondoka kwenye beseni. Redio akaweka kidole.

"Bosi," akasema. Kidole kikasogea. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikasogea tena. "Ki-la. Kila. Kila ki-tu."

Akageuka kuelekea kibandani.

"Babu! Mimi sikusema hivi!"

"Ulisemaje?" nikauliza.

"Nilisema tumbo langu ndilo kabati. Wewe umeandika..." Akairudia karatasi kwa kidole na uso wa mtu anayekunywa dawa chungu, akayavuta maneno yangu moja moja mbele ya watoto wote. "Ki-me-hi-fa-dhi-wa. Kimehifadhiwa. Ma-hali. Sa-lama. Babu, ndio nini hiki?"

Nyuma ya mashuka maji yalikuwa yameacha kudondoka. Dada akatokeza, povu hadi viwikoni, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Umesikia," akaniambia. "Futa, uandike alivyosema mtoto."

Nikaleta rangi nyeupe, nikafuta. Kwa haraka yangu nikaipaka nyeupe hata tai ya mbuzi. Sijawahi kufuta maneno yangu kwa furaha kama siku ile, ingawa mpaka leo nasema yangu ndiyo yaliyokuwa mazuri zaidi.